Weupe wa Karisimbi na baridi ya juu

Baada ya usiku wa mvua kubwa, wakaaji wa Goma huweza kuamka wakaona kilele cha Karisimbi, mlima wa volkano ulio mpakani mwa Kongo na Rwanda, kimekuwa cheupe, na mara nyingi weupe huo huwa umekwisha kuyeyuka kabla ya jioni. Vijana waliozoea kutazama video za milima ya Alps huniuliza kama theluji ile yaweza siku moja kuporomoka na kufukia watu. Jibu langu ni hapana. Maporomoko makubwa huhitaji theluji iliyorundikana kwa muda mrefu, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake tabaka dhaifu lisiloshikamana na mengine. Upepo ukiongeza mzigo juu yake, au mtu akipita, bamba zima hukatika na kuteleza, hasa penye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Karisimbi, wenye mita 4,507, una miteremko mikali, lakini mvua ya mawe na theluji nyepesi inayouangukia haikai hata ipate tabaka la pili.

Hata hivyo, weupe huo umeshaua. Mnamo Februari 1908, msafara wa mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein ulikumbwa na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji katika kreta (shimo la volkano) ya Branca, kwenye mlima huohuo, na wapagazi takriban 20 wakafa kwa baridi. (Jina la mkubwa wa msafara ndilo linalotajwa, kama kawaida.)

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila mtu anapopanda mita 1,000, na kwa kuwa Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, kilele cha Karisimbi huizidi kwa baridi ya karibu nyuzi 20. Nguo ikilowa na upepo ukivuma, mwili hupoteza joto upesi kuliko unavyoweza kulitengeneza. Mtu huanza kutetemeka, kisha ulimi huwa mzito, kisha hutaka kuketi, na hapo asiruhusiwe kuketi.

Kwa Nyiragongo, mlima mwingine wa volkano ulio jirani na Goma, wenye mita 3,470, nina lawama moja juu ya utaratibu uliozoeleka nyakati ambazo njia huwa wazi. Watu huondoka Kibati, inakoanzia njia ya kupanda, asubuhi ikiwa imekwisha kukomaa, wakafika alasiri kwenye mteremko wa mwisho ambao hauna miti wala kinga. Saa hizo ndizo ambazo hewa yenye unyevu, baada ya kupashwa joto na jua na kupanda mlimani, huwa imekwisha kuwa mawingu mazito, na radi za Kivu si za kufanyiwa mzaha. Heri kuondoka alfajiri.

Mgeni mara nyingi huja na koti zuri. Kwa hiyo mimi hutazama kwanza mzigo wa mpagazi: kama hana koti la mvua na nguo kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, msafara usubiri hadi apatiwe.