Kumbukumbu ya mradi wangu: mshono ulioachana katikati ya uwanja

Jumamosi ya kwanza

Uwanja wetu wa nyuma ya nyumba una urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Umetandikwa roli mbili za nyasi bandia zenye upana wa mita 4 kila moja, kwa hiyo una mshono mmoja tu unaopita katikati kwa urefu wote. Mshono huo sasa umeachana kwa takriban mita tatu na nusu, na mahali fulani ukingo umejikunja juu kiasi cha kumkwaa mtu anayekimbia. Nimesimamisha michezo yote hadi kazi iishe, kwa kuwa ukingo wa namna hiyo hutegua kifundo cha mguu kwa urahisi, na pia kwa kuwa kila mguu unaoukwaa huung'oa zaidi.

Leo nimeondoa mchanga tu. Nyasi hizi ni fupi, nyuzi zake zina urefu wa milimita 15, na zimejazwa mchanga wa silika unaozishikilia wima na kulilaza zulia kwa uzito wake. Nilisugua kwa brashi ngumu, kisha nikafyonza, nusu mita kila upande wa ufa. Mchanga nimeuhifadhi kwenye ndoo, nami nitauchekecha na kuuanika kabla ya kuurudisha.

Jumapili

Hapa ndipo nilipojifunza mengi. Nilipoukunjua ukingo niliona kwamba gundi ya zamani ilikuwa bado imeshikamana imara na mkanda wa chini, yaani ule unaotandikwa chini ya mshono ili kingo zote mbili zigandishwe juu yake, ikiwa na matuta yaleyale yaliyoachwa na mwiko wenye meno, laini na yenye kung'aa juu. Maana yake ni kwamba nyasi hazikuwahi kuzama ndani yake: gundi ilikuwa imekwisha kuota utando wakati zulia lilipolazwa. Kama muungano ungekuwa mzuri, matuta yangelala na mgongo wa zulia ungeacha alama za mistari ya kushonea, yaani safu ambamo nyuzi zimeshonewa.

Hata hivyo, kasoro hiyo ilikuwepo kwenye sehemu ambazo hazijafunguka pia, kwa hiyo haikutosha kueleza kwa nini mshono uachie hapa na si kwingine. Niliweka rula ya alumini yenye urefu wa mita 2 juu ya msingi na kukuta bonde lenye kina cha milimita 11. Mshono ulikuwa umening'inia juu ya uwazi, ukibonyea na kuinuka kwa kila hatua, na maji ya mvua yalikuwa yakituama chini yake. Niliwahi kuwaza kumimina gundi ufani na kuweka vitu vizito juu. Sasa naona wazi kwamba gundi hiyo ingekauka juu ya bonde lilelile na kupasuka tena.

Jumatatu hadi Alhamisi

Nilikwangua mkanda wote wa zamani katika sehemu iliyoachana, nikajaza bonde kwa vumbi la mawe katika tabaka mbili nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa. Nilipopima tena, tofauti ilibaki chini ya milimita 3. Siku zilizofuata nilisubiri msingi ukauke, jambo ambalo halikwepeki: gundi ya poliurethani ikikutana na unyevu mwingi hutoa povu, na povu halina nguvu.

Jumamosi ya pili

Kabla ya kufungua gundi nilijaribu kuzikutanisha kingo bila kuzivuta, asubuhi, kabla jua halijalipasha zulia joto. Plastiki hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na kingo zinazolazimishwa kukutana zitadai nafasi yao usiku. Zilikutana vizuri isipokuwa kwa sentimita 60, ambako mgongo wa zulia ulikuwa umechanika na mistari miwili ya nyuzi kung'oka. Hapo nilikata pande zote mbili ili kuingiza kiraka chenye upana wa sentimita 40. Nilikata kutoka mgongoni, kisu kikipita katikati ya mistari ya kushonea, kwa sababu anayekata kutoka juu huzikata nyuzi zenyewe.

Nilikuwa na bakaa la roli, lakini rangi yake ilikuwa mbichi mno kando ya nyasi zilizopauka kwa jua. Nilichukua kiraka kutoka pembeni nyuma ya goli, na bakaa jipya nikaliweka huko ambako halionekani sana. Nilihakikisha pia nyuzi za kiraka zinalala upande uleule na jirani zake, kwani kiraka kilichogeuzwa huonekana kama doa hata rangi ikilingana.

Gundi yangu ni ya sehemu mbili zinazochanganywa. Niliipima kwa mizani kwa kufuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo, nikaipaka kwa mwiko wenye meno juu ya mkanda wenye upana wa sentimita 30, na safari hii sikuisubiri mpaka iote utando. Binti yangu alizitenganisha nyuzi kwa vidole huku mimi nikilaza kingo kidogo kidogo kuanzia mwisho mmoja, tukiacha kati yake nafasi ya milimita 5, sawa na nafasi iliyopo kati ya mistari ya kushonea. Nafasi ikiwa ndogo zaidi, mshono huvimba. Ikiwa kubwa, mstari mweusi huonekana. Tukipiga magoti hapo nilikumbuka kwamba mwaka 1966, katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, vipande vya nyasi bandia viliunganishwa kwa zipu, nami nikaelewa vizuri sababu. Tulipitisha rola, tukapanga mifuko ya mchanga juu, na baada ya dakika 20 tukapitisha rola tena.

Jumapili na wiki iliyofuata

Nilivuta mshono kwa mkono, hatua kwa hatua. Sentimita 8 hazikushika, kwa kuwa nyuzi kadhaa zilikuwa zimenaswa chini. Nilizitoa, nikapaka gundi upya na kurudisha uzito kwa siku nyingine nzima. Kisha mchanga ulirudi kwa tabaka nyembamba, kila moja ikipigwa brashi kinyume cha ulalo wa nyuzi ili ushuke hadi chini. Mvua ilinyesha Jumatano na maji hayakutuama.

Rula inaonyesha bonde la milimita 6 upande wa pili wa mshono, mahali ambapo bado pamefungika. Nitapafungua Jumamosi ijayo na kuujaza msingi kabla mshono haujaachia.