Sketi ya kwanza

Jamani leo nimemaliza sketi ya shule ya mjukuu wangu, nimeishona mwenyewe mwanzo mpaka mwisho!

Nina miaka 62. Nilistaafu mwaka juzi, mwezi wa tatu nikaanza kujifunza cherehani kwa fundi mmoja hapa mtaani, binti mdogo tu, ananiita mama lakini nikikosea ananiambia fumua yote, na mimi nafumua.

Kilichonitesa ni marinda. Unapima na futi, unachora na chaki, unakunja, unapiga pasi, ukikosea rinda moja tu basi kiuno chote kinakwenda upande. Nimefumua mara nne.

Leo mjukuu kaivaa akazunguka.
Marinda yakafunguka yote sawasawa halafu yakarudi mahali pake.
Nikabaki nimekaa, futi bado iko shingoni, nashindwa hata kuongea.

Mzee Maruge wa Kenya alianza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, leo nimemfikiria sana.

Nyie mlioanza kitu ukubwani, mlianza na nini? Na anayejua kuweka zipu isipinde anielekeze jamani, ndo naanza kesho.