Akwariamu imepasuka, na garanti bado iko hai

Ndugu zangu wa Bukavu, jana usiku kioo cha chini cha akwariamu yetu kilipasuka. Lita 240 za maji, yaani kilo 240, zilimwagika sebuleni. Samaki tuliwakimbiza kwenye mabeseni. Ni samaki wa Ziwa Tanganyika, walitoka Uvira, na hawavumilii maji yoyote tu: ziwa lao lina maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha asidi) yake ni karibu 9. Mama watoto alishika tochi, jirani akaleta ndoo. Umeme ulikuwa umekatika. Pampu ndogo ya betri ndiyo iliyowapa hewa. Wawili walikufa. Inaniuma sana.

Leo nimepeleka fakitire na picha dukani, pale Nyawera. Muuzaji anasema garanti ni ya pampu na taa, kioo hakimo. Karatasi yake mwenyewe haisemi hivyo! Kisha akasingizia meza iliyobeba akwariamu. Ni kweli, kioo kikikaa juu ya meza iliyopinda, uzito hulemea sehemu moja hadi kipasuke. Lakini ni fundi wao aliyeiweka akwariamu juu ya meza hiyo, akatandika povu gumu chini na kupima kwa pimamaji, mimi nikiwa hapo. Na ufa umeanzia ukingoni, mahali kioo kilipomegeka kidogo chini ya silikoni, ile gundi inayoshika vioo.

Nataka akwariamu nyingine au pesa yangu yote. Nimeyaandika hayo kwa barua, nakala wameisaini. Aliyewahi kulipwa garanti ya namna hii hapa mjini aniambie alipitia wapi. Na mwenye tangi la kuazima, tafadhali, samaki wamebanana.