Nilivyomtambua samaki wa kilindini nikiwa Kisumu

Nafundisha baiolojia Kisumu, na samaki ninaowajua kwa mkono ni wa ziwani: mbuta, ngege, kamongo, omena. Ila dada yangu ameolewa Kilifi, na mumewe hununua samaki kwa wavuvi na kuwauza. Ndiye aliyenitumia picha kwa WhatsApp: samaki mrefu wa hudhurungi iliyokolea, macho makubwa, meno ya kutisha. "Mwalimu, huyu ni nani? Huku mmoja asema ni nguru mzee, mwingine asema jamii ya jodari, na kuna anayeapa ni silakanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka. Nimuuzeje?"

Rangi niliiweka kando. Samaki akishakufa na kukaa juani rangi hugeuka, na kamera ya simu nayo huongeza yake. Nikamwomba ahesabu na apapase, maana mikono yake ilikuwa pale na yangu haikuwepo.

Wa silakanti tulimmaliza upesi. Kweli mmoja alinaswa kwa nyavu za meli karibu na Malindi mwaka 2001, kwa hiyo dhana ile haikuwa ya kipuuzi. Lakini mapezi ya silakanti yameota juu ya vikonyo vya nyama, na mkia wake una sehemu tatu. Huyu alikuwa na mkia wa panda kama samaki wengi wa baharini.

Kisha nikauliza: vile vipezi vidogo vinavyofuatana nyuma ya pezi la mgongo hadi karibu na mkia ni vingapi? Nguru na jodari huwa navyo saba au zaidi. "Viwili juu, viwili chini." Hao nao wakatoka. Nikafungua mwongozo wa kutambua samaki wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, nikaangalia na FishBase, hifadhidata ya samaki mtandaoni, vyote vikanipeleka kwenye familia ya Gempylidae. Humo kuna wawili wenye nyama ya mafuta mengi ambao watu huwachanganya. Mmoja, Lepidocybium flavobrunneum, ana vipezi vinne hadi sita, ngozi nyororo, na mstari wa ubavuni unaopindapinda waziwazi. Mwingine ni Ruvettus pretiosus.

"Mpapase kutoka mkiani kuelekea kichwani," nikamwambia. Kimya kidogo, halafu sauti ikaja: "Lo! Huyu ni mbuzi ya kukunia nazi!" Jibu lilikuwa hilo. Katikati ya magamba ya Ruvettus mna vifundo vya mfupa vyenye miiba. Nilimwomba pia ageuze tumbo, akakuta ukingo mgumu wa magamba kati ya mapezi ya tumboni na tundu la haja. Jenasi hiyo ina spishi hiyo moja tu, basi sikuhitaji kuendelea.

Makazi yake tuliyapata kwa mvuvi mwenyewe. Alimvua usiku kwa mshipi, chambo ngisi, na kamba yake ameitia alama: pima 120, yaani mita 220 hivi. Hapo ndipo anapokaa samaki huyu, kwenye mteremko wa bahari, kati ya mita 100 na 700, peke yake au wawili wawili karibu na sakafu. Pwani yetu maji ya kina hayako mbali na ufuo, ndiyo maana mashua ndogo inayafikia. Wanafunzi wangu nilipowaambia kwamba Ziwa Victoria, pale penye kina kirefu zaidi, ni mita 80 na kidogo tu, walikataa katakata. Kwao ziwa halina mwisho.

Wavuvi wa Komoro wanamjua vizuri. Humwita nessa na humfuata usiku kwa mshipi, na katika uvuvi huohuo ndimo silakanti wamekuwa wakinasa kwa bahati. Kwa hiyo yule aliyeapa hakuwa mbali sana.

Sasa kuhusu kuuza. Mafuta ya samaki huyu kwa sehemu kubwa ni nta, ambayo utumbo wa binadamu hauwezi kuimeng'enya. Ukila nyingi hupita moja kwa moja na kutoka ya rangi ya chungwa, wakati mwingine bila kukutaarifu. Kupika hakuiondoi. Japani wamepiga marufuku kumuuza. Nikamwambia shemeji: kama ni lazima umuuze, taja jina lake, toa vipande vidogo, na usimpe mtoto wala mjamzito.

Akafanya hivyo, bei ikashuka, akanung'unika. Dada alikaanga kipande, kila mtu akaonja kiasi cha kidole. Tatizo ni kwamba nyama yake ni nyeupe, laini na tamu mno, na mjomba wa shemeji aliomba kingine, akaongezewa, akaomba tena. Kesho yake, jua likiwa utosini, alinitumia salamu kupitia dada kwamba mwalimu wa Kisumu anajua kazi yake.