Mnada wa Deep Sea

Mwalimu hakupenda niseme kwamba ananifundisha kuandika. "Mimi nasikiliza tu," alikuwa akisema. Alikuwa amesomesha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu, na mwaka 1996 alikuwa akiishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba yenye baraza pana. Watu wa mtaani walimletea barua za kuandikiwa na hati za kusomewa. Mimi nilimletea hadithi.

Nilikuwa nauza misumari na mabati katika duka la ami yangu, Barabara ya 12, na hadithi zangu zote zilikuwa za wapelelezi. Mwalimu hakuwacheka wapelelezi wangu. Alinipa sharti moja tu: ninunue kaunta buku, niandike ukurasa kila siku, na juu yake niweke tarehe. Basi nikawa naandika baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kwenda kufungua duka, na umeme ukikatika nawasha chemli. Jumamosi nikimpelekea lile daftari alilifunua harakaharaka huku akipitisha kidole kwenye tarehe.

"Mbona huzisomi, Mwalimu?"

"Hizo za kuzoeza mkono. Nisomee ya leo."

Siku moja nilipolalamika kwamba duka linanimaliza, alinitajia Shaaban Robert. Sisi watu wa Tanga tunamtaja huyo kama jirani, maana alizaliwa Vibambani, hapo hapo kwetu, mwaka 1909. Mwalimu hakunitajia mashairi yake. Alinikumbusha kwamba alikuwa karani wa serikali tangu ujana wake, miaka mingi akiwa forodhani, na vitabu vile vyote viliandikwa na mtu ambaye asubuhi anatakiwa ofisini. "Na wewe una misumari," akasema. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia, ami alikuwa amenipa ruhusa mpaka adhuhuri. Nilikaa barazani nikaanza kusoma: mpelelezi wangu yuko London, ameshaliwa kwenye karata na adui yake, "akahuzunika na kukasirika mno kwa kupoteza fedha zake." Mwalimu akaninyoshea kiganja ninyamaze. Akaingia ndani, akatoka na kofia yake na kikapu.

"Chukua baiskeli yako. Twende tukatafute samaki."

Tukateremka mpaka Deep Sea, kwenye soko la samaki. Vyombo vilikuwa vimeshafika na mnada umechangamka. Dalali kasimama juu ya kreti, sauti imemkauka, na chini yake kwenye saruji iliyolowa kulikuwa na mafungu ya changu na tasi, pweza, na kolekole mmoja mkubwa ambaye kila mtu alikuwa anamwangalia huku akijifanya hamwangalii. Nikatoa kalamu. Mwalimu akaninyang'anya, akaitia mfukoni mwake.

Kolekole yule aligombewa na watu wawili. Mmoja mama wa makamo aliyejitanda kanga ya buluu, nadhani alikuwa mkaanga samaki. Wa pili kijana wa hoteli, kavaa saa kubwa.

"Elfu tatu! Tatu na mia mbili kwa bibie! Tatu na nusu! Bibie, unamwacha?"

Mama hakujibu. Alifungua pindo la kanga, akatoa noti zake, akazihesabu polepole kana kwamba huenda zimezaana humo ndani. Hazikuzaana. Akazikunja, akazirudisha pindoni, akapiga fundo. Halafu akapiga fundo la pili juu ya lile la kwanza, akalikaza kwa meno. Kijana alikuwa ameshamwinamia samaki wake. Mama akamgeukia, akamwambia kwa sauti laini kabisa, sauti ya kumkaribisha mgeni chai:

"Mwanangu, utampasulia hapahapa, au utakwenda kuoza naye?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akaitazama saa yake, sijui kwa nini. Mama akatia pweza wawili kwenye beseni lake, akaenda zake.

Mwalimu naye akanunua changu, akabishania bei kwa muda mrefu kuliko walivyostahili, na njiani kurudi hakunena neno. Tulipofika tu ndipo akaniuliza:

"Lile fundo la pili alilikaza kwa mkono gani?"

"Kwa meno."

"Haya. Mlete mpelelezi wako."

Nikashangaa. Safari nzima nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani hadithi ya mnada, ya yule mama, nikidhani ndivyo anavyotaka, niachane na London niandike vya nyumbani. Nilipomwambia hivyo alikunja uso kwelikweli.

"Nani kakwambia uandike samaki? Mtu wako kaliwa pesa. Nataka nione mikono yake."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na haikuwa tamu. Mara ya kwanza mpelelezi aliuma tai yake, na Mwalimu akacheka mpaka kofia ikamwangukia puani. Baadaye mpelelezi akapiga meza. "Hao wa kupiga meza tumewachoka." Nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mkewe alikuwa anapara changu uani, magamba yanaruka, na kila akipita kunitazama nilihisi na yeye anasubiri huyo bwana wa London afanye jambo la maana.

Mwishowe nikaandika kwamba alizihesabu sarafu zilizombakia, akazikunja ndani ya leso, akaifunga, akaifunga tena. Akainuka. Akamwambia aliyemshinda: "Viatu vyako vizuri. Umenunua au umeazima?"

Mwalimu hakusema vizuri wala vibaya. Alichukua penseli akazungushia duara kila *-ka-* iliyokuwa kwenye ule mstari: akazikunja, akaifunga, akaifunga, akainuka. Akanirudishia karatasi.

"Yote haya yanafuatana? Hakuna mawili yanayokwenda pamoja?"

Nikaangalia muda mrefu. Kisha nikaandika: *akaifunga tena, huku akitabasamu.* Nilipoisoma kwa sauti niliisikia ile *-ki-* ikiushika mkono wa mtu yule, ikimchelewesha pale mezani mpaka na mimi nikamwona. *-ka-* inasukuma, ukimsukuma msomaji mfululizo, anafika mwisho hajaona kitu njiani. Sarufi hiyo nilikuwa nimefundishwa shuleni na nikafaulu mtihani wake, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni usukani.

Tangu hapo nimekaa kwenye semina za uandishi zenye chai na vitafunwa, na wawezeshaji wanaosifu kila kitu. Sifa ni tamu, lakini nikirudi nyumbani nazo sijui nifanye nini. Mwalimu yule, muda wote niliokuwa naye, hakuwahi kuniandikia sentensi hata moja. Alichora duara akauliza, jibu nikalitafute mwenyewe.

Asubuhi ile tuligombana pia. Baada ya lile duara, alirudi mwanzoni mwa hadithi, akahesabu kurasa mbili, akapiga mstari chini ya ya pili.

"Inaanzia hapa."

Juu ya mstari ule kulikuwa na uwanja wa ndege wangu, na ukungu, na teksi nyeusi, na koti ambalo nilikuwa nimelielezea kifungo kwa kifungo. Nikakataa. Nikamwambia msomaji lazima ajue mtu kafikaje. Akaniuliza yule mama wa kanga ya buluu alifikaje Deep Sea. Nikamwambia hilo si jambo moja. Tukabishana mpaka adhana ya adhuhuri, mkewe akatuambia chakula kinapoa, na mimi nikaondoka na kurasa zangu zote.

Miezi kadhaa baadaye gazeti moja la Dar likaichapa. Uwanja wa ndege haukuwamo. Mhariri alikuwa ameukata bila hata kuniandikia, hadithi ikaanzia kwenye meza ya karata. Nikalipeleka lile gazeti Ngamiani, nikitaka Mwalimu anisaidie kuandika barua ya malalamiko, maana barua za watu wote si alikuwa akiandika yeye. Alisoma kutoka juu mpaka chini, akacheka, akaniuliza jina la mhariri ili amtumie salamu.

Mimi mpaka leo naona ule uwanja wa ndege ulikuwa mzuri.