Kila Siku Yale Yale, kwa Kiingereza

Mtu anayelalamika kwa Kiingereza kwamba maisha yake ni yale yale kila siku ana akiba kubwa ya maneno ya kuchagua, na mengi katika akiba hiyo yalikuwa zamani majina ya vitu vinavyoshikika: njia, kinu, bamba la madini, mfereji wa gurudumu. Kazi yangu ya kuhariri na kutafsiri hunikutanisha nayo mara kwa mara, na kadiri ninavyoyafuatilia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kinacholalamikiwa ndani yake si kurudia, bali ni kurudishwa.

Lenye kisa kirefu kuliko yote ni treadmill, yaani kinu cha kukanyaga. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni kinu cha kukanyaga kwa ajili ya gereza la Bury St Edmunds, na mwaka 1821 kingine kikafungwa katika gereza la Brixton mjini London, ambako kilipata umaarufu. Kilikuwa pipa kubwa lililolazwa ubavu, lenye vidato vya mbao kulizunguka. Wafungwa walisimama juu yake kwa safu, mikono ikishika upau ulio mbele yao, na uzito wa miili yao uliposhusha kidato kimoja iliwabidi wakanyage kinachofuata kabla hawajaachwa wakining'inia. Kwa hiyo walipanda ngazi saa nzima bila kusogea juu hata unyayo mmoja. Katika magereza mengi waliwekewa vizuizi vya mbao kati ya mtu na mwenzake ili wasizungumze. Penginepo kinu hicho kilisaga nafaka au kuvuta maji, na penginepo hakikusaga chochote, hata ikasemwa kwamba wafungwa wanasaga upepo.

James Hardie, aliyeandika mwaka 1824 kuhusu kinu kama hicho kilichokuwa New York, alieleza kwamba kilichowatia watu hofu ni ule mwendo wake usiobadilika, wala si ugumu wa kazi yenyewe. Naona alilenga penyewe. Kupanda ngazi si mateso. Mpagazi wa bandarini hufanya zaidi ya hapo. Mateso ni kujua kwamba kidato kijacho kitakuwa sawasawa na kilichopita, na kwamba aliyekiweka hapo hakutaka kingine zaidi ya wewe kukikanyaga. Mwandishi Oscar Wilde, aliyehukumiwa mwezi Mei 1895 kifungo cha miaka miwili pamoja na kazi ngumu, aliingia gerezani wakati adhabu hiyo ingali hai, na ilikuwa sheria ya mwaka 1898 iliyoanza kuviondoa vinu hivyo katika magereza ya Uingereza. Jina halikuondoka. Kuanzia miaka ya 1950 daktari Robert Bruce wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alikuwa akiwapima wagonjwa wa moyo wakitembea juu ya mkanda unaozunguka, nao mkanda huo ukaitwa kwa jina lile lile la kinu cha gerezani. Leo watu wa Nairobi na Dar es Salaam hulipa ada ya mwezi ili waupande, na wanashuka wanapotaka.

Routine, yaani utaratibu wa kila siku, halina machungu kiasi hicho. Asili yake ni neno la Kifaransa la njia, route, ambalo nalo linatokana na Kilatini, kwa maana ya njia iliyopasuliwa porini. Ni njia ndogo iliyozoeleka kwa kupitwa mara nyingi. Anayepanda matatu Nairobi analo neno hilo mdomoni tayari, kwa kuwa ruti ya gari lake imetoka katika shina hilo hilo.

Wachapaji waliacha maneno mawili. Mwishoni mwa karne ya 18 Firmin Didot wa Paris alilipa jina la stereotype bamba gumu linalotengenezwa kwa kuchukua umbo la ukurasa mzima uliokwisha kupangwa herufi moja moja, kisha kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya umbo hilo. Herufi zikaachiliwa zikafanye kazi nyingine, na bamba likabaki kuchapa ukurasa ule ule, pamoja na makosa yake, kadiri mtu alivyotaka. Wachapaji wa Kifaransa waliliita pia cliché, neno ambalo leo ni la usemi uliochakaa kwa kurudiwa, na inasemekana jina hilo linaiga mlio wa umbo likigonga madini ya moto. Kwa mchapaji hayo hayakuwa matusi hata kidogo, maana bamba lilimwokolea kazi ya siku kadhaa. Tusi lilikuja pale fikra za watu zilipoanza kufananishwa na mabamba, na mwaka 1922 mwandishi wa Marekani Walter Lippmann akalitia stereotype nguvu ya maana tunayoijua leo, yaani picha za watu wengine tunazozibeba kichwani zikiwa zimekwisha kuundwa kabla hatujawaona wenyewe.

Robot nalipitia haraka, kwa sababu habari zake zinajulikana: lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa mwandishi wa Kicheki Karel Čapek wa mwaka 1920, baada ya kaka yake Josef kulipendekeza, na shina lake ni robota, kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana wa shamba na ambayo ilifutwa katika himaya ya Austria mwaka 1848. Wanaodhani roboti wa Čapek walikuwa wa chuma wamekosea. Walifanana na watu.

Lipo jozi moja linalonipendeza zaidi. Rut ni mfereji uliochimbwa na magurudumu katika udongo, na anayesema amenasa humo anasikitika. Groove nalo ni mfereji, lakini wanamuziki wa jazi wa miaka ya 1930 walimsifu mwenzao aliyeshika mapigo kwa kusema yumo ndani yake, ingawa mapigo hayo hujirudia kuliko siku za karani yeyote. Santuri ya muziki huo ilikuwa na mfereji mmoja tu mrefu kila upande, unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na sindano huufuata mzunguko baada ya mzunguko pasipo msikilizaji kuchoka. Santuri ikichubuka, sindano huruka ukingo mwembamba na kutupwa nyuma katika mzunguko iliokwisha kuumaliza, ikacheza maneno matatu yale yale mpaka mtu ainuke aisogeze kwa kidole. Na Waingereza, wakitaka kumsema mtu anayewachosha kwa kurudia neno moja, humfananisha na santuri iliyoharibika.