Karani na pipi ya tangawizi

Msimu wa korosho ukifunguliwa, mimi huwa mwizi. Ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi kimoja cha ushirika wa wakulima huku Tandahimba, na ukishika mizani ya watu jina hilo hulikwepi. Gunia limepimwa dukani likasoma kilo 60, likifika kwangu likasoma 58, basi hizo mbili nimekula mimi. Nimezoea. Sibishani. Nashusha gunia, naiacha mizani irudi sifuri mbele ya macho ya mwenye mali, napandisha tena.

Ndiyo maana katika mivutano yote ya siasa za Marekani, walionishika mimi si Trump wala Biden. Ni mama mmoja na bintiye, makarani wa kura mjini Atlanta, jimbo la Georgia, uchaguzi wa 2020. Walikuwa wanahesabu ndani ya ukumbi wa State Farm Arena, kamera zinawaangalia. Kipande cha video kikasambazwa, na Rudy Giuliani, wakili wa Trump aliyewahi kuwa meya wa New York, akadai wale wawili wanapenyezeana kifaa cha kuchezea mashine za kura. Kumbe mama alikuwa anampa mwanawe pipi ya tangawizi. Pipi! Simu za matusi na vitisho zikaanza kumiminika, hadi mama akahama nyumbani kwake kwa ushauri wa FBI.

Mtu atasema, si wangehesabu upya? Walihesabu. Kura za urais Georgia zilihesabiwa mara tatu, na mara moja kati ya hizo kwa mkono, karatasi moja moja, karibu milioni tano. Biden akabaki mbele kwa kura 11,779. Tarehe 2 Januari 2021 Trump akampigia simu Brad Raffensperger, msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo hilo na mwanachama mwenzake wa chama cha Republican, akamwambia anataka zipatikane kura 11,780. Maongezi yalirekodiwa, dunia nzima ikayasikia. Siku nne baadaye wafuasi wake wakalivamia Bunge lao.

Wenzangu pale kijiweni wanasema ni intaneti iliyowaharibu Wamarekani. Siafiki sana. Wale watu walidanganywa kwanza, tena kweli kweli. Mwaka 1964 watu 77 katika kila 100 waliohojiwa walisema serikali yao hufanya lililo sawa wakati wote au mara nyingi. Ikaja vita ya Vietnam. Ikaja kashfa ya Watergate, Rais Nixon akajiuzulu Agosti 1974. Zikaja silaha za maangamizi za Iraq ambazo hazikuonekana, kisha 2008 benki kubwa zikaokolewa huku watu wa kawaida wakipoteza nyumba. Kufikia 2024 waliobaki na imani ile ni kama 22 tu katika 100. Mkulima aliyewahi kuambiwa "malipo wiki ijayo" hadi mvua za kupandia zikampita hawezi kuwashangaa.

Ninachoshindwa kukivumilia ni mashaka yanayochagua. Taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza wapiga kura kama uchaguzi umeendeshwa vizuri. Mwaka 2020, Trump aliposhindwa, ni 21 katika 100 ya waliompigia waliosema ndiyo. Mwaka 2024 akashinda, wakawa 93. Upande wa pili nao ukashuka kidogo uliposhindwa, ila si kwa kishindo hicho. Hapa ghalani nalijua hilo: sijawahi kumwona mtu aliyepewa daraja la kwanza akiomba korosho zake zipimwe unyevu upya.

Kwao hakuna tume moja inayohesabu kura za nchi nzima. Kuna kaunti zaidi ya 3,000, na wanaohesabu ni majirani wa watu, wanaosali nao, wanaopanga nao foleni dukani. Kwa hiyo mkubwa akisimama jukwaani akasema tumeibiwa, hasira haisafiri hadi Washington. Inabisha hodi kwa jirani. Wengi wameacha kazi hiyo, na nawaelewa. Mimi wananiita mwizi mchana, usiku tunakesha msiba mmoja na kula sinia moja. Siku ile sinia litakapogawanyika, nami nitatafuta kazi nyingine. (Ya uchaguzi wetu wenyewe leo siyagusi. Kila mtu ana masikio.)

Kisa hiki nilimsimulia bibi mmoja aliyekuwa anasubiri stakabadhi yake. Nikamwambia Desemba 2023 mahakama iliamua Giuliani awalipe wale wanawake dola milioni 148.

"Wakalipwa zote, mjukuu wangu?"

Nikamwambia hapana, bibi. Jamaa aliomba kutangazwa amefilisika, na Januari 2025 wakamalizana kwa makubaliano. Kiasi hakikutangazwa, na nyumba zake akabaki nazo.

"Basi kulikuwa na makato," akasema, halafu akanigeuzia karatasi yake na kuweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Na huu wangu hapa, ni ushuru wa nini?"